Gitaa Nililolifukiza

Tulikuwa watano chumbani. Mimi mwenye nyumba, niliyetoka eda siku sita nyuma. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, baba mmoja mama mmoja, aliyekuja kutoka Chalinze kunitoa eda na mpaka siku hiyo alikuwa hajaondoka. Mjukuu wangu, mtoto wa kike wa mwanangu wa pili, ambaye ndiye mpiga gitaa wa nyumba hii sasa. Mzee mwenye duka la vitambaa, Mwarabu wa hapa hapa Bagamoyo, aliyepiga besi pamoja na mume wangu tangu wote wawili hawajaota ndevu. Wa tano ni fundi wa magitaa kutoka Mapinga. Huyo hana udugu na sisi, ila mama yake nilimjua, alikuwa akiuza vitumbua Kerege, na bibi yake nilimjua pia.

Majina yao yote ninayo, na majina ya baba zao. Sitayaandika. Mama yangu alitukataza kuandika jina la maiti na majina ya walio hai kwenye karatasi moja, na mimi hapa siwezi kueleza jambo lolote bila ya marehemu kuwemo.

Jambo lenyewe ni gitaa lake. Ni gitaa la umeme, lilikuwa jekundu, likafifia likawa rangi ya maji ya ukwaju. Alilinunua Dar kwa mwenzake aliyeacha muziki akawa mwalimu wa madrasa. Chini ya nyuzi palikuwa na vipande viwili vyeupe, kila kimoja chembamba, kirefu kama kidole cha kati. Vinaitwa pikapu. Ndani mna sumaku, na sumaku imezungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, mizunguko maelfu. Hizo ndizo zinazosikia nyuzi na kupeleka sauti kwenye ampi, kile kisanduku cha kuikuza. Bila hizo gitaa la umeme ni ubao tu. Zake zilikuwa za koili moja moja, yaani zungusho moja la waya kwa kila pikapu.

Pikapu ya koili moja ina tabia yake. Ukiliunganisha gitaa tu, kabla hujagusa uzi, linavuma. Mmmm, kama nyuki ndani ya mtungi. Umeme wa nyumba nao linausikia. Mume wangu alikuwa akigeuka na kigoda chake, kidogo kidogo, mpaka mvumo upungue, ndipo aanze kupiga. Na mahali ulipopungua ni alipoelekea kibla. Watu wakasema gitaa lile lina imani. Alipokufa, mjukuu aliliunganisha akageuka kibla kama babu yake, likavuma kupita siku zote. Akageuka, akageuka, likanyamaza alipoelekea kitanda alichofia babu yake. Fundi baadaye alitwambia ni transfoma ya umeme, ilikuwa nyuma ya nyumba na sasa imehamishiwa nguzo ya mbele. Ni kweli ilihamishwa. Lakini siku ile hatukuwa tunajua, na mtoto alitoka chumbani bila viatu.

Mjukuu wangu huyu alihangaika miaka mitatu kutafuta bendi. Anasuka watu nywele mchana, jioni anafanya mazoezi. Safari hii akachukuliwa na bendi inayopiga kwenye hoteli za ufukweni, kutoka kwetu huku mpaka karibu na Dar. Kiongozi wao alimsikia mara moja akampenda, ila mvumo hakuupenda. Alisema jukwaa la hoteli lina taa nyingi, gitaa la koili moja litavuma mpaka wageni waweke vijiko chini. Akampa mpaka Jumamosi: aje na pikapu za koili mbili, zile wanazoziita hambaka, au nafasi aipate mwingine. Gitaa jingine hana wala hana namna ya kulipata. Basi Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, fundi akaitwa.

Mimi sikutaka. Na sababu yangu sikuwa nimemwambia mtu.

Mwezi wa kwanza wa eda, gitaa lilikuwa limelazwa kitandani, upande wake marehemu. Mimi nilikuwa upande wangu na tasbihi. Mjukuu alikuwa ametoka kwenda kuangalia sufuria, ameacha ampi inawaka. Nikasema Alhamdulillahi. Nyuma yangu kitu kikasema kwa sauti ya puani, ya mbali, kama mtu aliye kisimani: "...lillahi."

Sikupiga kelele. Nilikaa na tasbihi yangu mkononi mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha nikasema, polepole, "Ni wewe?"

Likasema, "...wewe."

Mtu atacheka. Lakini miaka arobaini na saba mume wangu alinijibu hivyo hivyo. Nikimwambia unga umekwisha, anasema, "Umekwisha," macho yake kwenye nyuzi. Nikimwambia mtoto ana homa, anasema, "Ana homa." Neno la mwisho la maneno yangu ndilo lilikuwa jawabu lake, na nilikuwa nikigombana naye kwa ajili hiyo. Sasa likawa linatoka kwenye ampi, jembamba, na mkia wa mwangwi, na mimi sikugombana. Nikajifunza kuiwasha ampi mwenyewe. Kitufe chekundu, halafu ungoje mpaka mvumo uje. Wakiwa wametoka wote nalala upande wangu, midomo karibu na nyuzi, nazungumza.

Kwa hiyo pikapu zikitoka, yeye anatoka. Hivyo ndivyo nilivyoelewa. Na zisipotoka, mtoto anarudi kusuka nywele mpaka azeeke. Nilikaa na hayo mawili toka asubuhi, na uji sikuumaliza.

Fundi alikuja na gitaa lake mwenyewe, jeusi, lenye koili mbili, ili tulinganishe. Akanipa shikamoo, akampa wifi, akampa mzee, kisha akakaa kwenye mkeka akatandaza vyombo vyake. Akaeleza kuwa hambaka ni koili mbili zimelala ubavu kwa ubavu, moja imezungushwa kinyume cha mwenzake. Mvumo ukiingia huku, kule unaingia kinyume, unafutika. Sauti ya nyuzi haifutiki, inabaki.

Wifi akasema, "Basi huo ni ukewenza. Mmoja akinung'unika, mwenzake ananung'unika kinyume, nyumba inanyamaza."

"Nyumba ya namna hiyo sijaiona Bagamoyo," akasema mzee.

"Utaionaje na wewe humalizi mwezi bila kutoroka kwako."

Fundi akapiga gitaa la mume wangu, maneno machache tu ya solo, kisha akapiga yale yale kwenye lake jeusi. Akarudia. Mimi sikusoma, niliishia darasa la nne, lakini masikio ninayo. Koili moja inasikika kama kijiko kwenye bilauri, kila uzi unasimama peke yake, na ukikosea kila mtu anajua. Koili mbili ni nene, ni kasimile, tui la kwanza kabla hujatia maji. Na kati ya pigo na pigo hakuna kitu, kimya kabisa. Kimya kile mimi kilinitia baridi. Nilizoea kuwa hata asipopiga, kitu kinavuma.

Mzee alikuwa upande wa koili moja. Alisema solo la kwetu linapita katikati ya ngoma kama sindano, na lile jeusi linapita kama godoro. Fundi akamjibu kwa adabu kwamba hotelini, mzee wangu, godoro ndilo wanalolitaka. Akaongeza jambo jingine: hambaka alizonazo ni pana, matundu ya gitaa hili hayatoshi, lazima achonge ubao. Zipo nyembamba zisizohitaji kuchonga, ila yeye hanazo, na kuziagiza Dar Jumamosi itapita.

Mjukuu akageuka. Akaniangalia.

"Bibi, likichongwa halirudi. Ukisema hapana ni hapana, sitakuuliza kwa nini."

Hilo lilinibana zaidi kuliko kama angelia. Nikatafuta njia ya pembeni. Nikamwambia fundi azitazame kwanza zile za zamani, huenda zinatengenezeka, mvumo ukapungua bila kukata kitu. Akasema mvumo wa koili moja hautibiki, ni wa kuzaliwa, lakini akakubali kutazama. Akalegeza nyuzi, akafungua skrubu, akainua lile bamba la plastiki linaloshika pikapu zote mbili. Ampi ilikuwa inawaka bado, kwani alikuwa akigonga gonga huku anasikiliza.

Harufu ikatoka. Chumba kizima kikanuka ubani, kana kwamba mtu amefungua sanduku la nguo za sikukuu.

Fundi akainamisha uso ndani ya lile tundu. Akatia kucha, akatoa kitu cha manjano, kikavu, chenye masizi.

"Nani ameliweka hili gitaa motoni?"

Kila mtu akamwangalia mwenzake. Mimi nikaangalia mkeka.

Niwaeleze. Kila Alhamisi nilikuwa nikilifukiza. Hapa kwetu nguo za mtu aliyekufa zinagawiwa, na zake ziligawiwa, sikubakiwa na kitu cha kukifanyia jambo. Nikachukua lile tenga la kufukizia nguo, nikalipindua juu ya chetezo, nikalilaza gitaa juu yake kifudifudi kama linavyolazwa shati. Makaa mazuri, ubani mzuri. Wifi aliwahi kunisema kwa simu kwamba mwenye eda hajitii harufu nzuri, nikamwambia mimi sijifukizi, na gitaa halina eda. Wiki kumi na saba nililifukiza, sikuruka hata moja.

Nikayasema hayo mbele yao. Fundi hakucheka. Alieleza kuwa ule waya mwembamba huwa umezamishwa kwenye nta, ili usitikisike. Nta ndiyo inayoufanya usikie nyuzi peke yake. Mimi kwa makaa yangu nimeiyeyusha, imechuruzika yote chini, waya umebaki mtupu, unatikiswa na kila kitu. Sasa pikapu hii imekuwa maikrofoni.

"Ukisema karibu nayo inakusikia," akasema. "Na ampi yenu ina springi ndani za kuleta mwangwi. Sauti yako inazunguka inarudi nyuma yako. Jaribuni."

Wifi, mtani wa kila mtu, akainama juu ya gitaa lililo wazi. "Wewe kaka yangu, ile baiskeli yangu uliiuza kwa nani?"

Ampi ikasema, "...kwa nani."

Mzee alicheka mpaka akashika ubavu. Mjukuu naye akacheka, mara ya kwanza siku ile. Wifi akaanza kucheka, halafu nikamwona anaacha. Uso ukamshuka. Alikaa chini kwenye mkeka, mbali kidogo na gitaa.

"Linajibu kama yeye," akasema.

 Yeye amemjua kabla yangu, amelelewa naye. Sikuwa nimemwambia kitu.

Nikawa nimefahamu. Miezi minne na siku zake nilikuwa nikizungumza na nafsi yangu, na nta niliiyeyusha mwenyewe kwa ubani wangu. Mngedhani ningepoa. Sikupoa. Fundi alisema yapo matatu ya kuchagua: kulirudisha hivi lilivyo, au kuzamisha koili za zamani kwenye nta mpya, libaki na mlio wake na mvumo wake lakini lisisikie watu tena, au kuchonga na kutia koili mbili, vyote viondoke. Mzee akasema la kati ndilo la haki, tena ndilo ambalo marehemu angelitaka. Labda. Lakini la kati halimpi mtoto Jumamosi. Na la kwanza niliogopa jinsi nilivyolitaka. Wiki ya mwisho ya eda, na hili hata wifi hajui mpaka alisome hapa, mchana nilikuwa nikipakua sahani mbili. Ya pili naiweka kitandani, upande ule. Nauliza, chumvi imetosha? Nasikia, imetosha. Naiondoa ikiwa imepoa.

Nikamwambia fundi, "Chonga."

Mjukuu akasema, "Bibi."

"Chonga, mwanangu, kabla sijasema jingine."

Fundi akawasha kile chuma chake cha kuyeyushia risasi. Pikapu ya mbele akaiachisha nyaya zake mbili, akaitoa, akaiweka kwenye kiganja changu. Nyepesi. Ina joto bado. Ile ya nyuma ilikuwa haijatolewa. Wifi alikuwa akikunjakunja ule waya mrefu wa kuunganishia gitaa na ampi, kwa sababu ni mtu asiyependa kuona kitu kimetapakaa. Mzee alikuwa karibu na dirisha. Mjukuu alikuwa amefumba macho. Hakuna aliyekuwa akisema, na jua la alasiri lilikuwa limefika katikati ya mkeka.

Ampi ikavuta pumzi.

Siwezi kuisema kwa namna nyingine. Si mvumo, si mkwaruzo. Ilivuta pumzi, kama mtu aliyenyamaza muda mrefu anapotaka kusema lake, si la kurudia la mwenzake. Ilijaza kifua. Tukangoja sote watano, hata fundi na chuma chake cha moto hewani. Halafu haikusema.

Fundi ndiye aliyenyoosha mkono akazima kile kitufe chekundu. Akasema waya ukiachwa wazi huokota redio, huokota hata lori likipita barabarani. Akaendelea na kazi. Lakini alipochukua patasi alisema bismillahi kwa sauti, na mwanzo alikuwa hasemi.

Alichonga mpaka magharibi inakaribia. Vumbi la ule ubao lilikuwa jeupe, linanuka ubani. Gitaa likakubali hambaka zote mbili, nyuzi zikarudishwa, likaunganishwa, likanyamaza kimya kabisa, popote ulipoligeuzia. Mjukuu akapiga. Nene, tamu. Nikainama kumwambia vizuri, midomo karibu na nyuzi kwa mazoea, na ampi haikusema kitu. Jumamosi alikwenda, nafasi akaipata, anayo mpaka leo. Mzee husema mtoto anapiga godoro, lakini hukaa mstari wa mbele.

Zile koili za zamani fundi aliniachia. Mjukuu ananiambia tuzipeleke zikatiwe nta, ipo siku atapata ubao mwingine wa kuzitia. Sijakataa wala sijakubali.

Linalonisumbua ni ule waya wa wifi, kwani bila waya ule ampi haisikii gitaa. Mzee anasema ulikuwa umechomekwa kwenye gitaa wakati ule, kwamba wifi alikuwa akikunja upande uliolegea tu, na pikapu ya nyuma ilikuwa nzima. Kwa hiyo ilichukua pumzi ya mmoja wetu, labda yangu mwenyewe, nilipopewa kile kitu kiganjani. Hilo lina akili. Fundi anasema hakumbuki, alikuwa anaangalia risasi. Mjukuu alifumba macho. Wifi aliapa mbele yangu, mara mbili, mara ya pili kwa mama yake, kwamba ncha zote mbili za waya zilikuwa mapajani pake, ile ya gitaa na ile ya ampi, kwamba alikuwa amekwisha kuukunja wote na kuufunga kwa uzi. Mimi nikifumba macho nauona waya kwenye gitaa. Nikiyafumba tena nauona mapajani kwa wifi, umefungwa.

Nimeandika kama nilivyoona, na majina niliyoyaficha ninyi wenyewe mnajijua. Kama kuna nilipokosea, katika mpangilio wa kukaa, katika nani alisema nini, katika wiki za kufukiza, nirudisheni kwenye haki, sitachukia, mimi ni mzee. Ila mkinisahihisha mengine yote na hili moja msiliache: wale mliokuwa na macho wazi, niambieni ule waya ulikuwa wapi.